Moyo wa mzee ukiruka pigo: Lini ni umri, lini ni hatari

Mashine za kupimia presha siku hizi zipo kila kona. Zipo kwenye duka la dawa la mtaani, zipo kwenye kliniki za wazee, na nyumba nyingi za kijijini sasa zina ile ndogo ya kufunga mkononi ambayo watoto walio mjini wamewanunulia wazazi wao. Wengi wetu tunasoma namba mbili tu, ya juu na ya chini, na tukiona zimekaa vizuri tunazima. Lakini mashine hiyo huonyesha pia namba ya tatu, idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika, na aina nyingi zina alama ndogo inayojitokeza pale mashine inapohisi kwamba mapigo hayakufuatana kwa mpangilio. (Kwenye baadhi ya mashine kimoyo huwaka kwa kila pigo hata kama mambo ni shwari, kwa hiyo soma kile kijitabu kabla ya kushtuka.)

Alama hiyo ikitokea kwa mama wa miaka 74, familia hugawanyika. Wapo wanaoanza kupigiana simu usiku na kuchangishana nauli ya kumleta mjini. Wapo wanaosema huo ni uzee tu, mwacheni mama apumzike. Ajabu ni kwamba wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio si ugonjwa mmoja. Yapo ambayo wazee wengi sana wanayo na hayawafanyi lolote. Yapo ambayo hayaumi wala hayakoseshi usingizi, na ndiyo hayo yanayokuja kumwangusha mtu kwa kiharusi. Na yapo ya polepole mno, yanayomfanya mzee aanguke ghafla jikoni au njiani kwenda msikitini, ambayo watu huyahusisha na kifafa au mapepo ilhali hospitali inaweza kuyatibu.

Umeme unavyozeeka

Moyo hujiendesha kwa umeme wake wenyewe. Juu yake, upande wa kulia, kuna kikundi kidogo cha seli kinachotoa amri ya kila pigo. Amri hiyo husambaa kwenye vyumba viwili vya juu, hupita kwenye kituo cha katikati kinachoichelewesha kidogo, kisha hushuka kwenye vyumba viwili vya chini ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mwilini na kwenye mapafu. Kwa mtu mzima aliyetulia, mzunguko huo hujirudia mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa siku nzima ni takriban mara 100,000.

Kazi hiyo ikiendelea kwa miaka 70 bila likizo, lazima kuna kinachochakaa. Seli za kutoa amri hupungua. Makovu membamba hujipenyeza katikati ya misuli. Vyumba vya juu hutanuka, hasa kwa mtu aliyeishi na presha ya juu miaka mingi bila dawa au aliyekuwa anakunywa dawa siku anazoumwa kichwa tu. Umeme ukikuta njia imejaa makovu, hupotea, huzunguka palepale, au huchelewa kufika.

Pigo la ziada ni la kawaida kuliko unavyodhani

Tuanze na habari njema. Aina inayoonekana zaidi kwa wazee ni pigo la ziada: pigo moja hujitokeza mapema kabla ya zamu yake, moyo unatulia kidogo, halafu linakuja pigo jingine zito. Mzee atakwambia moyo "umeruka" au "umesimama halafu ukagonga". Wengi hawahisi kitu kabisa.

Limeenea kiasi gani? Watafiti wa Marekani waliwahi kuwavalisha kifaa cha kurekodi umeme wa moyo kwa saa 24 watu 98 wenye umri wa miaka 60 hadi 85, ambao walikuwa wamechunguzwa na kuonekana hawana ugonjwa wa moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982. Asilimia 88 walikuwa na mapigo ya ziada kutoka vyumba vya juu, na asilimia 80 kutoka vyumba vya chini. Hao ni wazee wazima wa afya! Walipofuatiliwa kwa takriban miaka 10, waliokuwa na mapigo hayo hawakuonekana kupata matatizo ya moyo zaidi ya wenzao.

Kwa hiyo mzee mwenye nguvu zake, anayekwenda shamba na kurudi, akikwambia moyo unaruka mara mojamoja, uwezekano mkubwa ni huo. Huongezeka akilala vibaya, akiwa na homa au mawazo, akinywa pombe, wengine wakizidisha kahawa. Huongezeka pia madini ya potasiamu yakishuka mwilini, jambo linaloweza kuwapata wanaotumia vidonge vya presha vya kukojosha, ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha damu ambacho familia huona kama gharama ya bure.

Habari njema hiyo ina mpaka wake. Kwa mtu ambaye moyo wake tayari ni dhaifu au umetanuka, au aliyewahi kupata shambulio la moyo, mapigo ya ziada mengi kutoka vyumba vya chini si ya kupuuzwa. Na mtu yeyote ambaye moyo unakwenda mbio huku akizimia, akibanwa kifua au akikosa pumzi, huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo, si Jumatatu.

Aina isiyopiga hodi

Sasa tuje kwenye ile ya kuogopa. Kitaalamu inafupishwa AF, na herufi hizo mbili unaweza kuzikuta zimeandikwa kwenye cheti cha mzazi wako bila mtu kukueleza maana yake. Ni hali ambayo vyumba vya juu vya moyo huacha kupiga kwa pamoja na badala yake hutetemeka tu, kama mkono wa mtu mwenye baridi kali. Umeme ndani yake huzunguka ovyo zaidi ya mara 300 kwa dakika. Kile kituo cha katikati huzuia sehemu kubwa ya fujo hiyo, ila kinachopenya hakina utaratibu wowote, na mapigo ya mkononi huja kama bisi zinavyopasuka kwenye sufuria: mawili harakaraka, moja limechelewa, matatu, kimya, moja.

Baadhi huhisi moyo unakwenda mbio, wanachoka wakipanda kilima kidogo, wanakosa pumzi. Wengine, na hasa wazee, hawahisi lolote. Anaishi nayo miaka miwili akidhani uchovu ni wa umri. Wengine huja na kuondoka, leo ipo, kesho haipo.

Umri ndio unaoiita zaidi kuliko kitu kingine chochote. Utafiti maarufu wa mji wa Framingham, Marekani, ambao umekuwa ukiwafuatilia wakazi wake tangu mwaka 1948, uliikuta kwa mtu mmoja tu kati ya 200 wenye umri wa miaka 50 hadi 59. Walipofika miaka 80 hadi 89, ilikuwa karibu watu 9 kati ya 100.

Na huku kwetu je? Hapa ndipo panaponivutia. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima umeme wa moyo watu 2,232 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kazi ambayo haijafanywa sehemu nyingi Afrika. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilisema walikuta AF kwa watu 15 pekee, yaani chini ya mmoja katika kila 100. Idadi ndogo kiasi cha kuwashangaza watafiti wenyewe.

Ukisoma harakaraka utasema basi, ugonjwa huu ni wa Wazungu. Mimi nisingeharakisha. Kipimo kinachochukuliwa mara moja, kwa muda mfupi, hakimnasi mtu ambaye AF yake huja na kuondoka. Inawezekana kweli kwamba miili yetu na maisha ya kutembea na jembe yanatukinga kwa kiasi fulani. Lakini lipo jambo jingine la kusikitisha zaidi: ukiwapima walio hai tu, hutawaona waliokwisha kufa. Kama wenye AF wanafariki mapema, watabaki wachache wa kuhesabu.

Kwamba wanafariki mapema, hilo lina ushahidi. Utafiti mkubwa uliohusisha nchi 47, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia kwa mwaka mmoja zaidi ya wagonjwa 15,000 waliofika idara za dharura wakiwa na AF. Amerika Kaskazini, Ulaya Magharibi na Australia walifariki asilimia 10. Afrika walifariki asilimia 20. Waliopata kiharusi katika mwaka huo huo duniani kote walikuwa asilimia 4, Afrika asilimia 8. Na usidhani wagonjwa wa Afrika walikuwa wazee zaidi. Walikuwa vijana kuliko wa nchi tajiri, kwa wastani wa zaidi ya miaka 10.

Mtu anaweza kuuliza, wanakufa na nini hasa? Katika utafiti huo, moyo kushindwa kusukuma damu uliua wengi kuliko kiharusi. Moyo unaokimbia mapigo 130 usiku na mchana, wiki baada ya wiki, huchoka na kutanuka. Miguu inavimba, mgonjwa hawezi kulala chali, anakaa kitandani akihema. Mara nyingi anafika hospitali akiwa katika hatua hiyo.

Bonge linalosafiri

Kiharusi nacho kinakuja hivi. Damu isiyotembea huganda. Chumba cha juu cha kushoto kina kifuko kidogo pembeni yake, na chumba kinapotetemeka badala ya kukaza, damu hukaa ndani ya kifuko hicho kama maji kwenye kona ya mfereji. Bonge likijitengeneza na siku moja likatoka, njia yake inayofuata ni mshipa mkubwa, na matawi ya kwanza ya mshipa huo yanaelekea kichwani.

Utafiti huohuo wa Framingham ulionyesha kwamba mwenye AF ana uwezekano wa kupata kiharusi karibu mara tano ya asiye nayo. Kwa watu wa miaka ya 80 na ushei, takriban kiharusi kimoja kati ya vinne kilitokana nayo. Na kwa kuwa mabonge yanayotoka moyoni huwa makubwa, viharusi vyake mara nyingi huwa vizito: upande mzima wa mwili, maneno kupotea, mzee aliyekuwa anajitegemea sasa anageuzwa kitandani.

Wakati mwingine hutanguliwa na onyo. Mdomo unapinda dakika 15 au 20, au mkono mmoja unalegea na kuangusha kikombe, halafu yote yanarudi sawa. Watu wanasema ni upepo mbaya, wanamkanda kwa maji ya moto, na kwa kuwa amepona, suala linaisha. Haliishi. Hicho ni kiharusi cha muda mfupi, na siku chache zinazofuata ndizo za hatari zaidi kwa kiharusi kamili. Mzee huyo aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka na kuomba chai.

Anapoanguka bila sababu

Upande wa pili ni moyo unaokwenda polepole. Zile seli za amri zikichakaa sana, au kituo cha katikati kikikata mawasiliano kati ya vyumba vya juu na vya chini, mapigo yanaweza kushuka hadi 30 au 40 kwa dakika, au kusimama kwa sekunde kadhaa. Ubongo ukikosa damu kwa muda huo, mtu anazima kama taa. Anaanguka bila onyo, anajiumiza uso kwa sababu hakuwahi hata kujikinga kwa mikono, na baada ya muda mfupi anaamka akiuliza kumetokea nini. Mara nyingine viungo hutikisika kidogo, ndiyo maana watu wanasema kifafa.

Kifafa kinachoanza kwa mara ya kwanza mtu akiwa na miaka 75 kipo, lakini kabla ya kukubali jina hilo, mtu ashike mkono ahesabu mapigo.

Kabla ya kufikiria ugonjwa mkubwa, daktari ataangalia dawa. Baadhi ya vidonge vya presha, kama atenololi, hupunguza mapigo, na kwa mzee dozi ileile ya miaka kumi iliyopita inaweza kuwa imemzidi. Kuna moja ambayo familia nyingi hazifikirii: matone ya timololi, yanayotolewa kwa wenye presha ya macho. Ni dawa nzuri na inaokoa macho, ila sehemu yake huingia kwenye damu na inaweza kupunguza kasi ya moyo, hasa kwa mzee ambaye tayari anameza vidonge vya aina hiyohiyo. Daktari wa moyo asipoambiwa kuhusu matone, hatajua.

Kama si dawa, tiba ni kifaa ambacho wengi tunakiita betri ya moyo. Huwekwa chini ya ngozi ya kifua, waya wake mwembamba ukipitia kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, na pigo likichelewa chenyewe hutoa amri. Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hicho alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958, akiwa na miaka 43. Cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani mwake na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa ugonjwa mwingine kabisa. Vya sasa hudumu miaka mingi kabla ya kubadilishwa, na hapa nchini vinapandikizwa, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam. Gharama bado ni mzigo kwa familia isiyo na bima, hilo hatuwezi kulificha. Lakini ni tiba ambayo humrudisha mzee kwenye shughuli zake, na ni masikitiko mtu kufungiwa ndani kwa "kifafa" wakati angeweza kutibiwa.

Shika mkono wa mama

Hakuna mashine inayohitajika kuanza. Mwache mzee akae dakika tano, asiwe ametoka kutembea wala kunywa kahawa. Geuza kiganja chake kiangalie juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya shina la kidole gumba chake, upande wa nje wa kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba chako, kwa kuwa kina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Ukishayapata, usihesabu kwanza. Sikiliza mwendo. Je, ni kama ngoma ya mpigaji mmoja? Je, inaruka pigo moja kisha inarudi palepale? Au ni zile bisi nilizozitaja, usizoweza kubashiri pigo linalofuata? Baada ya hapo hesabu kwa dakika nzima, usihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya.

Mwendo wa bisi unaoendelea dakika nzima ni sababu ya kwenda kupimwa ndani ya siku chache, hata kama mzee anajisikia vizuri. Hali kadhalika mapigo yanayobaki zaidi ya 100 akiwa ametulia, au chini ya 50 akiwa na kizunguzungu. Kama yapo chini ya 60 kidogo na mzee ni mkulima mwenye nguvu asiye na dalili yoyote, hilo peke yake lisikutie hofu.

Hospitalini ataanza na kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Hakiumi, hakina mionzi, na kinachukua dakika chache: anabandikwa vishikizo kifuani, mikononi na miguuni, karatasi inatoka. Jambo la kuelewa ni kwamba kipimo hicho ni picha ya sekunde chache. Kikitoka safi wakati mzee analalamika kila wiki, si kwamba anasingizia. Huenda akahitaji kifaa cha kuvaa saa 24 au zaidi, au kurudia kipimo wakati dalili zipo. Daktari anaweza kuongeza ultrasaundi ya moyo na kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Hiki cha tezi kisidharauliwe. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi inaweza kuleta AF, na kwa mzee dalili yake ya pekee inaweza kuwa kukonda na moyo usiotulia.

Dawa inayoogopwa

Mtu akishathibitika ana AF, kuna kazi mbili. Moja ni kupunguza kasi ya moyo. Nyingine, ambayo ndiyo inayoleta mabishano nyumbani, ni kuzuia damu isigande. Jina "dawa ya kulainisha damu" mimi silipendi, maana linawafanya watu wadhani ni kitu cha hiari kama mafuta ya kuchua. Haibadilishi wepesi wa damu. Inachelewesha kuganda.

Ya zamani zaidi kati ya zinazotumika ni warfarini. Ukiitafuta kwenye simu utakuta imeandikwa kwamba ni sumu ya panya, na ni kweli, ilianza kuuzwa hivyo mwaka 1948 kabla ya kuidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Kinachotofautisha ni dozi. Ikitumiwa vizuri hupunguza viharusi vya AF kwa takriban theluthi mbili. Aspirini, ambayo wazee wengi huimeza wakidhani inatosha, hupunguza kwa karibu moja ya tano tu.

"Atavuja damu, mzee kama huyu!" Ndivyo ndugu husema, na hofu yao ina msingi, kwani dawa hizi kweli huongeza kutoka damu. Ila swali hilo lilishaulizwa kisayansi. Uingereza waliwagawa watu 973 wa miaka 75 na zaidi, wastani wa miaka 81, nusu wakapewa warfarini na nusu aspirini. Kwa kila mwaka, kiharusi kibaya au bonge kubwa la damu liliwapata asilimia 1.8 ya waliotumia warfarini, dhidi ya asilimia 3.8 ya waliotumia aspirini. Kutoka damu kukubwa kulikuwa karibu sawa pande zote mbili. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2007, na bado wazee wanaachwa na aspirini kwa sababu ya umri wao.

Ugumu wa warfarini kwetu ni wa safari. Inataka kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa wengi hulengwa kati ya 2 na 3, mara kwa mara. Anayeishi saa tatu kutoka hospitali yenye kipimo hicho anajua maana yake. Ikiwa juu sana anavuja, ikiwa chini ni kama hanywi dawa. Chakula nacho kimo. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa. Ushauri wa kumkataza mzee mboga za majani kabisa si sahihi. Ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, asile matembele kila siku mwezi wa masika kisha aache ghafla bila kupima.

Dawa za dukani ndizo zinazoharibu zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee hununua kwa ajili ya magoti, huongeza sana hatari ya kutoka damu tumboni. Metronidazoli ya kuharisha huipandisha INR. Dawa za asili zenye mizizi mitatu kwenye chupa moja hakuna anayeweza kukwambia zitafanya nini. Na kabla ya kung'oa jino, mganga wa meno aambiwe.

Zipo dawa mpya zaidi, kama rivaroksabani na apiksabani, zisizohitaji INR. Ni ghali zaidi, na haziwafai wote. Mwaka 2022 utafiti mkubwa uliowahusisha zaidi ya watu 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kwamba kwa wenye AF iliyotokana na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya utotoni, dawa za aina ya warfarini ziliokoa maisha zaidi ya rivaroksabani. Kwa hiyo usimbadilishie mama dawa kwa sababu jirani anatumia ile ya kisasa.

Hiyo homa ya utotoni inawagusa wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja. Huanza na maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa kwa mtoto. Kwa baadhi yao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia vali za moyo, na miaka mingi baadaye chumba cha juu kinatanuka na kuanza kutetemeka. Kati ya wagonjwa wa AF waliosajiliwa Afrika katika ule utafiti wa nchi 47, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo hilo, Amerika Kaskazini ni wawili tu kati ya 100. Koo la mtoto wa darasa la pili linalouma na homa, bila mafua, lionwe na mhudumu wa afya, na dawa akipewa amalize.

Kwa wazee wenyewe, mzizi mkubwa ni presha. Anayemeza vidonge kila siku, hata siku anajisikia mzima, anavilinda vyumba vya juu vya moyo visitanuke.

Ukimpeleka, mwekee kwenye mfuko mmoja dawa zote anazotumia, pamoja na matone ya macho na zile chupa za mitishamba anazozificha uvunguni. Andika tarehe alizoanguka na alichokuwa anafanya. Akigundulika ana AF, muulize daktari swali moja kwa jina lake: je, anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na kama hapana, kwa nini? Na kabla hamjatoka, ipige picha kwa simu ile karatasi ya ECG, kwa sababu wino wake hufifia, na daktari atakayemwona mwakani atataka kuilinganisha na mpya.